Anayekaa Nyuma Naye Ana Neno



Hebu tuwafikirie mume na mke wanaoishi Nakuru. Wamekaa katika ndoa miaka ishirini na miwili. Kifungua mimba wao yuko chuoni, na wawili wangali katika shule ya sekondari. Kwa muda mrefu wametamani kwenda Namugongo, nchini Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Hawataki kwenda na basi la parokia. Wanataka kwenda wao wawili, wakipita njiani kuwasalimu wazazi wa mama kule Bungoma. Baba ameendesha pikipiki tangu ujana wake. Sasa akiba yao katika chama cha ushirika imetosha, naye ameona pikipiki ya kununua. Ni kubwa, inang'aa, na marafiki wake wote wameisifu. Jioni moja anamweleza mkewe. Mama anauliza, "Na mimi je, nitakaaje hapo?" Baba anacheka kwa upole na kujibu, "Wewe huna kazi, mama watoto. Utakaa tu nyuma."

Baba huyu si mtu mbaya. Anampenda mkewe, na safari yenyewe ni ya sala. Lakini neno lile "tu" lina shida ndani yake, nalo ndilo tunalotaka kulitazama katika ukurasa wetu wa leo. Maana swali hili si la duka wala la fundi peke yake. Ni swali la dhamiri: chombo kitakachobeba miili ya watu wawili, ni nani mwenye haki ya kukichagua?

Wengine mtasema, "Sisi hatuna pikipiki wala hatuna mpango wa kununua." Someni hata hivyo. Katika kila nyumba kuna mambo ambayo mmoja hushika usukani na mwenzake hukaa nyuma. Tena katika miji na vijiji vyetu vya leo, ni nani asiyepanda pikipiki?

Aliye nyuma ana nini mikononi?

Tuanze kwa kuangalia hali ilivyo. Mwenye kuendesha ana usukani. Ana breki mbili, ya mkono na ya mguu. Anaona shimo kabla hajalifikia, na akiona lori linampita vibaya anaweza kujitupa kando. Anayekaa nyuma hana hata kimoja cha hivi. Mbele yake kuna mgongo wa mwenzake. Shimo analijua baada ya kulipiga. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, pikipiki hukata mita 25 kila sekunde, na katika mita hizo zote yeye hana la kufanya ila kushika na kumtumaini Mungu na mume wake.

Lakini wakianguka, wote wawili huanguka. Barabara haiulizi nani alikuwa anaendesha. Hivyo hatari ni sawa, ila uwezo si sawa. Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Husema: kwa kuwa mama haendeshi, neno lake katika uchaguzi ni dogo. Mimi nasema kinyume. Kwa kuwa mama atakapopanda atakuwa ameukabidhi uhai wake wote mikononi mwa mwingine, neno lake kabla ya kupanda lapasa kuwa zito zaidi. Wakati wa kuchagua ndio wakati pekee ambapo yeye naye anashika usukani. Akinyang'anywa wakati huo, hakuna tena mahali pa kuurudisha.

Mtakatifu Thomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyeaga dunia mwaka 1274, aliuliza kwa nini Kitabu cha Mwanzo kinasema mwanamke aliumbwa kutoka ubavuni mwa mwanamume. Jibu lake ni kwamba hakutolewa kichwani, asije akamtawala mume, wala hakutolewa miguuni, asije akadharauliwa kama mtumwa. Alitoka ubavuni kwa sababu wawili hao waliwekwa kuishi pamoja kama wenzi. Sasa tazameni pikipiki. Ndani ya gari mke na mume hukaa ubavu kwa ubavu. Juu ya pikipiki haiwezekani; mmoja ni lazima awe nyuma. Basi ubavu ule ambao chombo hakiwezi kuwapa, ninyi wenyewe mtautafuta kabla ya kupanda: mezani, dukani, na kwa fundi.

Kuna mume atakayejibu

Najua kuna baba atakayesema, "Mikono minne haishiki usukani mmoja. Mimi ndiye nitakayejibu safari ikiharibika. Mwenye kujibu ndiye mwenye kuchagua." Hoja hii si ya kudharau. Ina ukweli ndani yake, na tuupe ukweli huo nafasi yake.

Thomaso huyo huyo anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuhukumu lililo jema, halafu kuamuru litendeke. Tendo la tatu, mkiwa barabarani, ni la mmoja. Gari la ng'ombe likiwa mbele yenu gizani hapana nafasi ya mkutano. Anayeendesha aamue, na aliye nyuma asimvute bega. Lakini matendo mawili ya kwanza hufanyika nyumbani, ambako hakuna lori wala giza. Hapo mikono minne inafaa, na masikio manne pia. Thomaso anaongeza kwamba mambo ya maisha yana sura nyingi mno, hata mtu mmoja hawezi kuziona zote peke yake. Kwa hiyo mwenye busara ni mtu anayekubali kufundishwa. Baba, kwa habari ya kiti cha nyuma, mwalimu wako ni mkeo. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni mara ngapi umekaa nyuma ya pikipiki yako mwenyewe?

Kwa hiyo nawapa zoezi moja. Kabla hujalipa hata shilingi, mwombe rafiki anayeendesha vizuri akubebe nyuma kwa saa moja nzima, katika barabara yenye matuta na yenye lami iliyobomoka. Usiseme neno. Sikia magoti yako yanavyokunjwa, mgongo unavyopigwa, upepo unavyokusukuma, na moyo unavyoruka wakati rafiki yako anapopita matatu katika kona. Ukishuka, nenda nyumbani uanze tena mazungumzo na mama watoto. Naamini yatakuwa mazungumzo mengine.

Mambo ya kupima pamoja

Upendo usiopima mambo hubaki maneno. Basi haya ndiyo ya kuketi na kuyapima, kalamu mkononi.

La kwanza ni uzito. Kila pikipiki ina kikomo cha mzigo alichokiweka mtengenezaji, na kimeandikwa katika kitabu chake. Kikomo hicho ni pamoja na mwendeshaji, abiria, mavazi na mizigo. Tufanye hesabu: baba kilo 80, mama kilo 70, kofia na makoti kilo 15, mizigo ya siku nne kilo 20. Jumla ni kilo 185. Pikipiki nyingi ndogo za cc 100 hadi 150, zile tunazoziona kila kituo cha boda boda, hazikuundwa kwa mzigo huo kwa safari ndefu. Mzigo ukizidi, springi za nyuma hulala, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba, taa humulika machoni mwa wanaokuja, na breki huchelewa kusimamisha. Baba, unapomwuliza mkeo uzito wake, uliza kwa heshima na mkiwa peke yenu, wala usifanye mzaha. Ukimcheka, atakudanganya kilo kumi, na hesabu yote itaharibika.

La pili ni ukubwa wa injini na wa chombo. Kutoka Nakuru kwenda Namugongo kwa njia ya Eldoret na Malaba ni kama kilomita 500. Mtapanda hadi Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na ukungu, na malori marefu yakipanda polepole. Injini ndogo iliyobeba watu wawili haina nguvu ya kulipita lori kwa haraka. Mtakaa ubavuni mwa lori muda mrefu kuliko inavyofaa. Lakini kubwa kupita kiasi nayo ina mashaka yake. Honda Gold Wing, pikipiki inayojulikana duniani kote kwa safari za watu wawili, ina injini ya cc 1800 na uzito wa kilo zaidi ya 350 kabla hamjapanda. Kwenye lami safi ni kama kiti cha sebuleni. Kwenye njia ya udongo baada ya mvua ya Mei, ikilala upande mmoja, ni nani atakayeiinua? Kuna za katikati. Kwa mfano Royal Enfield Himalayan ya kwanza, iliyotoka mwaka 2016, ina injini ya cc 411, uzito wa kilo karibu 200, na kiti chenye kimo cha sentimita 80, hata mtu wa kimo cha kawaida anaweza kukanyaga chini. Sikutaji hiyo ili mwinunue. Natoa mfano wa kipimo: nguvu ya kutosha kupanda mlima, na uzito ambao ninyi wawili mnaweza kuuinua.

Na mjue kwamba hata waundaji wakubwa walijifunza somo hili polepole. Gold Wing ya kwanza iliuzwa mwaka 1975 ikiwa haina kinga ya upepo wala masanduku. Wenye safari walijitafutia na kujifungia wenyewe. Mwaka 1980 kiwanda kikaanza kutoa iliyokuwa tayari na kinga na masanduku. Ilichukua miaka mitano kumsikia msafiri. Wewe, baba, usingoje miaka mitano.

La tatu ni kiti cha nyuma chenyewe. Mama apande pikipiki ikiwa imesimama, na baba naye akiwa amekaa mahali pake. Wakae hivyo nusu saa, hata mwenye duka akinuna. Je, kiti ni kipana na kimelala sawa, au kinamtelezesha mbele kila breki ikishikwa? Vikanyagio viko chini vya kutosha, au magoti yake yamepanda hadi mbavuni? Kuna kishikio imara cha mikono? Bomba la moshi liko mbali na mguu wake? Akina mama wengi wana kovu la bomba hilo ndani ya ndama ya mguu, nao waliambiwa ni jambo dogo.

Tena tazameni kando ya gurudumu la nyuma. Pikipiki nyingi zinazotoka India zina kichanja cha vyuma hapo, na wengi wetu hudhani ni cha kufungia mizigo. Hicho kiliwekwa kwa ajili ya mama anayevaa sari, ili nguo yake isinaswe na gurudumu. Kanuni za magari za India za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki iwe na kishikio cha mkono, vikanyagio vya abiria, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma. Nchi ile iliona kwamba aliye nyuma apaswa kufikiriwa hata na sheria. Kwetu leso na sketi ndefu zina hatari ile ile. Na kukaa upande upande, miguu yote ikiwa sehemu moja, kunaweza kufaa kutoka sokoni hadi nyumbani, lakini kwa kilomita 500 ni hatari. Mama avae suruali imara na viatu vinavyofunika kifundo, na gauni lake la kanisani liwe ndani ya mfuko. Heshima haipungui kwa kuvaa vazi linalokupeleka salama mpaka mlango wa kanisa.

La nne ni breki. Tafuteni pikipiki yenye breki zisizoganda, zile zinazozuia gurudumu lisifungike na kuteleza mtu akishika kwa nguvu. Ulaya ilianza kuzidai kwa pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 mwaka 2016, na India ikafuata kuanzia mwaka 2018. Bei yake huwa juu kidogo. Lakini kumbukeni kwamba mwendo ukipanda kutoka kilomita 60 hadi 90, nguvu inayopaswa kuzimwa na breki huwa zaidi ya mara mbili, na mzigo wa watu wawili huiongeza tena.

La tano ni kofia, na hapa nasema kwa uchungu. Nimeona mara nyingi mume amevaa kofia nzuri ya bei kubwa, na mke amevaa ile ya akiba, iliyopasuka, isiyo na kamba, iliyovaliwa na kila abiria tangu ilipotoka dukani. Kofia ngumu iliyo bora na iliyofungwa vizuri hupunguza hatari ya kifo kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Hizi si namba za kichwa cha baba peke yake. Sheria ya Trafiki ya Kenya, ilivyorekebishwa mwaka 2012, inamtaka abiria naye avae kofia na koti linalong'aa, na inaruhusu abiria mmoja tu. Basi agizo langu ni hili: kofia ya mama inunuliwe kwanza, kabla ya pikipiki. Iwe mpya, imkae sawasawa kichwani bila kuzunguka, na iwe na alama ya herufi E ndani ya duara, inayoonyesha kwamba imefuata kipimo cha Umoja wa Mataifa. Ikiwa fedha haitoshi kununua kofia mbili nzuri pamoja na pikipiki, basi fedha haitoshi kununua pikipiki.

Mwisho, fedha yenyewe na bima. Akiba ile ni ya nyumba. Karo ya muhula ujao iko wapi? Na mwulizeni mwenye bima waziwazi, mkidai jibu la maandishi, kama bima hiyo inamgusa abiria wa nyuma, maana si kila bima ya mtu wa tatu hufanya hivyo. Kwa Uganda mtahitaji pia Kadi ya Njano ya COMESA. Mke asiye na bima nyuma ya mume mwenye bima ni jambo la kumwona padre kabla ya kumwona wakala!

Na watoto je?

Sasa twaja kwenye swali gumu kuliko yote, ambalo wengi hawapendi kulisema kwa sauti. Je, ni halali baba na mama wenye watoto kupanda pamoja chombo kimoja chenye hatari kama hiki? Wakipotea, watapotea wote wawili kwa siku moja.

Sitawapa jibu jepesi. Kanisa halijakataza, wala mimi siwezi kukataza. Wazazi hupanda matatu moja kila siku, na hakuna barabara isiyo na hatari. Anayekimbia kila hatari hatatoka hata uani. Lakini hatuwezi pia kusema "Mungu atatulinda" na kuliacha jambo hapo. Bwana wetu alipojaribiwa ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alikataa kumjaribu Mungu, ingawa malaika walikuwapo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2290, chini ya amri ya tano, inasema kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi ana kosa zito. Na mwaka 2007 ofisi ya Vatikani inayoshughulikia wasafiri ilitoa mwongozo kuhusu barabara wenye amri kumi za wenye vyombo. Ya kwanza ni ile ile tuliyojifunza utotoni, usiue.

Kwa hiyo pimeni. Kama mna mtoto wa kunyonya na hamna wa kumlea, labda mwaka huu ni wa basi la parokia, na pikipiki ingoje. Namugongo haitahama. Kama watoto wamekua, kaeni nao, waambieni mnakwenda wapi na mtarudi lini, na mwandike ni nani atakayewalea mkichelewa kurudi au msiporudi. Kuandika hivyo si kujitakia mabaya. Ni sehemu ya kulea. Na wasikilizeni pia. Mtoto wa miaka kumi na sita akisema "naogopa," naye ametoa shauri.

Neno kwa mama

Mama, nawe una deni lako hapa. Kuna mke anayenyamaza wakati wa kuchagua, anasema "vyovyote utakavyoamua, baba," halafu njiani kila kilomita ananung'unika. Kunyamaza kwa namna hiyo tunaweza kukuita utii, lakini mara nyingi ni njia ya kukwepa lawama. Jambo likiharibika utasema, "Mimi sikutaka." Sema sasa, tena sema lililo la kweli: "Mgongo wangu unauma baada ya saa moja." "Naogopa giza." "Uliendesha vibaya siku ile tulipotoka arusini, ulikuwa umekunywa." Mume anayependa ataumia kidogo na kushukuru sana.

Wala usiifanye hofu kuwa kamba ya kumfunga mume asitoke nyumbani. Ukiwa na hofu, chunguza inatoka wapi. Kama inatoka kwa kiti kibaya, kiti hubadilishwa. Kama inatoka kwa mwendo, mwendo hupunguzwa. Lakini kama inatoka kwa mwendeshaji mwenyewe, kwa sababu hasikii, basi hapo pikipiki haina kosa, na mnahitaji mazungumzo ya aina nyingine, labda pamoja na padre au wasimamizi wenu wa ndoa.

Na je, baada ya yote mama akisema, "Hapana, sipandi"? Baba, pokea jibu hilo. Siku ya arusi mliahidiana uaminifu katika raha na taabu, katika afya na ugonjwa. Mke hakuahidi kupanda kila utakachonunua. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1988 juu ya hadhi ya mwanamke, alifafanua maneno ya Mtakatifu Paulo kwa Waefeso kwamba kutii katika ndoa ni kwa pande zote mbili, mume kwa mke na mke kwa mume, kwa kumcha Kristo. Mwenye kupanda kwa kulazimishwa ni mzigo uliofungwa kamba. Mwenye kupanda kwa hiari yake ni mwenzi wa safari. Ukitaka mwenzi, ni lazima awe na uwezo wa kukataa.

Haya yote, kumbukeni, hayategemei nani yuko mbele. Wako wauguzi na walimu wa kike wanaoendesha pikipiki kila siku, na waume zao hukaa nyuma. Sheria ni ile ile. Aliye mbele amebeba amana.

Mkishakubaliana

Mkishachagua, fanyeni mapatano machache kabla ya kuondoka. Mwendo wenu wa juu ni upi? Usemwe kwa namba, na asiuvuke hata kama wengine wanawapita. Kila baada ya saa moja na nusu msimame, mnyooshe miguu, mnywe maji. Msiendeshe usiku. Siku ya kwanza mlale Bungoma kwa wazazi, ya pili mvuke mpaka. Mkubaliane alama za mikono: kugonga bega mara moja ni "punguza", mara mbili ni "simama". Na baba aape kwamba akigongwa mara mbili atasimama kwanza, kisha ndipo aulize sababu. Mama naye ajifunze kulala upande ule ule pikipiki inapolala katika kona, akitazama juu ya bega la ndani ya kona, wala asijivute upande wa pili kwa hofu, maana huko ndiko kumwangusha mwenzake. Upepo wa tairi la nyuma uongezwe kama kitabu kinavyosema kwa watu wawili, na mizigo mizito ikae chini na karibu na kiti. Msiifunge yote nyuma kabisa.

Turudi sasa kwa wale wenzetu wa Nakuru. Mama aliuliza, "Na mimi je, nitakaaje hapo?" Lilikuwa swali zuri kuliko sifa zote za marafiki. Baba angeweza kujibu, "Twende kesho ukakae, unionyeshe." Labda wangekuta kwamba ile inayong'aa haiwafai, wakachukua nyingine ya bei ndogo na kofia mbili mpya. Labda wangekuta inawafai kabisa. Labda wangeamua kwenda kwa basi mwaka huu. Lolote kati ya hayo, wangekuwa wamechagua wawili, na alfajiri ya safari, mama akishika kiuno cha mumewe, angejua kwamba mtu aliye mbele yake ameshamsikia.

Maswali ya kuzungumza nyumbani, mkiwa wawili:

1. Katika nyumba yetu, ni mambo gani ambayo mmoja wetu huamua na mwenzake "hukaa tu nyuma"? Mkae nyuma huko wote wawili, kila mmoja kwa zamu, na kuambiana mlichokiona.

2. Ni lini mara ya mwisho nilimwambia mwenzangu "naogopa," naye akapunguza mwendo?

3. Tukisafiri pamoja, watoto wetu wanajua nani atawalea tukipatwa na jambo?

Mwenyezi Mungu, aliyemwongoza Tobia njiani kwa mkono wa malaika Rafaeli na kumrudisha nyumbani pamoja na mke wake, awaongoze nanyi. Safari njema.